Vibao Vingi, Mwenye Mali Mmoja

Dereva aingiaye kituo cha mafuta mjini Kampala huona kibao cha Shell. Mwenzake wa Durban huona kibao cha Engen. Kila mmoja hudhani anashughulika na kampuni yake. Kumbe vituo vyote viwili vimo chini ya kampuni moja, nayo ni Vivo Energy.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 2011, Shell ilipojitoa katika biashara ya rejareja kwenye nchi nyingi za Afrika. Walioishika ni Vitol, wafanyabiashara wa mafuta walioanzia Rotterdam mwaka 1966, pamoja na wawekezaji wa Helios. Shell ilibakiza fungu moja katika matano, ikaliuza baadaye. Jina lake tu likabaki vibaoni. Mwaka 2019 Vivo ilichukua vituo vya Engen katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mwaka 2022 Vitol iliitwaa Vivo na kuiondoa katika soko la hisa la London. Mwaka 2024 Vivo ikanunua asilimia 74 ya Engen yenyewe kutoka Petronas ya Malaysia, na vituo vyake vikazidi 3,900.

Hatusemi kwamba kukua ni kosa. Kampuni yenye meli na maghala hufikisha mafuta mahali ambapo mfanyabiashara mdogo hukaukiwa. Lakini yafaa wananchi watazame jambo la Uganda. Serikali ya huko ilichoshwa na madalali, ikabadili sheria mwaka 2023 ili shirika lake la taifa liagize mafuta peke yake. Kazi hiyo ilianza Julai 2024, na aliyepewa kuliuzia shirika hilo ni Vitol. Basi nyumba ile ile inayoiuzia serikali mafuta ndiyo yenye vituo vya kumwuzia raia. Hatumshtaki mtu, twasema tu kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Mafuta yakipanda, nauli hupanda, na unga hufuata. Mshahara wa mfanyakazi hubaki pale pale. Kwa hiyo ulinzi wake hauwezi kuachwa kwa hisani ya muuzaji. Tanzania mafuta huagizwa kwa pamoja kwa njia ya zabuni, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, hata mtu wa Kigoma aweze kujua kama amepunjwa. Aidha, TIPER ya Kigamboni, iliyofunguliwa mwaka 1966 kusafisha mafuta na ambayo sasa ni ghala, nusu yake ni mali ya serikali.

Huo ndio msingi wa kulindwa na kupanuliwa. Kampuni na zishindane kituoni. Zabuni na maghala yabaki chini ya macho ya umma. Wanachama na wafanyakazi, msiishie kuuliza bei ya lita. Ulizeni pia ni nani aliyeileta, na ghala ni la nani.