Tujifunze Kusema "Bado"

Wapendwa, siku hizi hoja moja inapendwa sana mimbarini: "Wanasayansi wenyewe wanaamini maada ya giza wasiyoiona. Mbona sisi tunaomwamini Mungu asiyeonekana wanatudai ushahidi?" Waumini hupiga makofi. Mimi siwezi, kwa sababu hoja hiyo si ya haki, na Mungu wa kweli hahitaji kutetewa hivyo.

Hawakuanza bure. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona galaksi zikienda kasi mno. Mvuto wa vitu vinavyoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Pana kitu kingine kinachovuta. Lakini hawakusema, "Tuamini tu." Huko South Dakota, Marekani, walishuka karibu kilomita moja na nusu ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, ili mwamba uwakinge na miale itokayo angani. Wakaweka mtambo uitwao LUX-ZEPLIN wenye tani 10 za zenoni ya majimaji, wakangoja kimweko kidogo cha mwanga, chembe ya maada hiyo ikigonga atomu. Hata walijichanganyia ishara bandia kwa siri, ili hamu ya kuona isiwadanganye. Mwaka 2024, baada ya vipimo vya siku 280, wakatangaza hadharani: hatujaiona.

Sasa tujitazame. Mgonjwa akiombewa Jumapili, hata hajashuka madhabahuni tumeshatangaza kwamba amepona. Nani alimrudisha hospitali akapimwe? Nilimfahamu mama aliyeacha dawa za kisukari baada ya tangazo kama hilo. Siku ile tulishangilia. Siku tulipomzika, hakuna aliyesimama kuusahihisha ule ushuhuda, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Mtasema imani haipimwi kwa mitambo. Ni kweli, Mungu si chembe, wala hakuna tangi litakalomnasa. Lakini maneno tunayoyasema kwa jina lake yanapimika. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote, na hao walikuwa waumini, si wapinzani. Kumsingizia Mungu muujiza ambao hakuutenda ni uongo, hata tukiusema kwa nia ya kumtukuza.

Basi tuombeane kwa bidii, lakini ushuhuda wa uponyaji usubiri majibu ya hospitali, na mtu asiambiwe kuacha dawa. Na yule ambaye hajapona apewe kipaza sauti vilevile, aseme, "Bado." Nasi tuitikie, "Amina."