Kabla hujaapdeti BIOS ya saiba yako Garsen

Sema ukweli: ile mashine unayochapishia watu fomu za basari na kuwafungulia eCitizen ina umri gani? Nyingi tunazotumia huku Tana River ni zile za ex-UK. Zilifanya kazi kwenye ofisi za watu huko Uingereza, zikachoka, zikashushwa kwa kontena, na leo ziko Garsen zinapigana na vumbi na joto. Mimi sizidharau, zimenilisha. Lakini zimefika umri ambao kila mtu ana ushauri wake, na ushauri unaosikika zaidi siku hizi ni huu: apdeti BIOS.

Kuna sababu ya kelele hizo. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, chipu ya kizazi cha nane kwenda juu, kwa hivyo mashine ya 2012 haina tiketi ya kuingia. Halafu kuna suala la Juni 2026, ambapo vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa 2011 vinaanza kuisha muda na nafasi yake kuchukuliwa na vya 2023. Basi fundi wa video anakuambia badilisha BIOS yote, mwingine anakuambia fungua BIOS mwenyewe uchomeke moduli mpya ya kontrola ya diski ili mashine iende kasi. Wote wanaongea kama watu ambao stima haijawahi kuwapotelea.

Kwanza tuelewane ni kitu gani tunaguswa kubadilisha, kwa sababu hapa ndipo wengi huchanganya mafaili. Kati ya Windows na diski yako kuna programu tatu tofauti. Ya kwanza ni draiva, ambayo inakaa ndani ya Windows. Ikiharibika, unarudisha ya zamani na maisha yanaendelea. Ya pili ni moduli ya kontrola ya hifadhi, ambayo inakaa ndani ya BIOS, kwenye kichipu kidogo cha ubao mama. Kazi yake ni kuitambua diski kabla Windows haijaamka. Ya tatu iko ndani ya diski yenyewe. Mtu akikuambia "apdeti ya diski", muulize ni ipi kati ya hizo tatu. Akishindwa kujibu, mpe soda, lakini usimpe mashine.

Hiyo ya pili ndiyo ya hatari kwetu. Draiva ikikwama nusu, Windows ina njia ya kujiokoa. BIOS ikikatwa nusu, ubao unaweza kubaki kama tofali. Mashine nyingine zina njia ya kujirudisha, nyingi za zamani hazina, na kuzifufua kunahitaji mtu mwenye kifaa cha kuandika kichipu moja kwa moja. Hapa Garsen sijamwona mtu huyo. Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mto ukifurika kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, hata barabara yenyewe si ya kuahidi mtu.

Sasa nikuambie yangu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza diploma ya IT, nikaja kumsaidia binamu yangu kwenye saiba yake. Nilikuwa na kile kiburi cha mtu aliyesoma nusu. Mashine kuu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, lakini niliona kuna BIOS mpya, nikasema hebu. Apdeti ikaisha bila shida. Nikawasha, nikapata skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nikazima, nikawasha tena, ikawa ni ile ile. Nje kulikuwa na foleni ya vijana wa kuomba nafasi za vyuo KUCCPS, na mama mmoja kutoka Ngao aliyekuwa ameacha vyeti vya kuzaliwa vya wanawe wanne viskaniwe.

Nikampigia fundi wa mji mwingine. Akasema diski imekufa, fomati uweke Windows upya. Fikiria. Humo ndani mlikuwa na skani za miaka mitatu, daftari za chama cha akina mama, na orodha za familia zilizohamishwa na mafuriko ambazo mzee wa kijiji alikuwa ametuletea tuchape. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.

Diski haikuwa na ugonjwa wowote. Apdeti ilirudisha mipangilio ya BIOS kuwa ya kiwandani, na kontrola ikahama kutoka RAID kwenda AHCI. Windows ile ilikuwa imewekwa kontrola ikiwa RAID, kwa hivyo asubuhi hiyo iliamka ikakuta mlango wake umebadilishwa kufuli. Niligundua siku ya pili, nikarudisha neno moja kwenye menyu, na kila kitu kikaonekana. Siku mbili za biashara zilienda kwa sababu ya neno moja ambalo sikuliandika popote kabla ya kuanza. Na ujue kwamba hata usipoapdeti chochote, ile betri ya sarafu kwenye ubao ikifa, mipangilio inaweza kupotea na ukapata skrini hiyo hiyo. Kwa hivyo piga picha menyu ya BIOS leo. Simu unayo.

Hapo ndipo maswali yangu matatu yalipotoka.

La kwanza ni hili: inatibu ugonjwa gani? Kama maelezo ya apdeti hayataji shida uliyonayo, mashine inaona diski zote na inawaka kila siku, iache. Moduli mpya ya kontrola haitafanya mashine yenye diski moja ya SATA iende mbio. Ukitaka kasi, toa diski ya kuzunguka uweke SSD ya SATA. Inaingia kwa waya ule ule na BIOS haiguswi. Wanaochomeka moduli kwa mkono mara nyingi wanataka mashine za zamani ziwake kutoka SSD ya NVMe, au wanaendesha diski kadhaa kwa pamoja kwa RAID. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini BIOS uliyoichezea hakuna kampuni itakayoisimamia, na hiyo si kamari ya kucheza na mashine inayolisha watu watano.

Lakini usinisikie vibaya, siimbi wimbo wa "usiguse kamwe". Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitoa onyo kwamba baadhi ya SSD zake za seva zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, na data isingeokolewa. Dawa ilikuwa apdeti ya ile programu ya tatu, ya ndani ya diski. Aliyekuwa na diski hizo akasema "inafanya kazi, siigusi" alikuwa amekaa juu ya saa inayohesabu kurudi nyuma. Suala la vyeti vya Secure Boot nalo ni la kweli, maana moduli za kontrola na kadi huthibitishwa kwa vyeti hivyo. Ila usikimbizwe: mashine haitazimika siku cheti kinapoisha. Itaendelea kuwaka, ila itakosa kinga mpya za hatua ya kuwaka. Una muda wa kusoma ukurasa wa aliyetengeneza mashine yako na kujipanga.

Swali la pili: stima ikipotea katikati, itakuwaje? Laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kwenda Lamu inapitia Garsen, lakini wewe na mimi tunajua giza letu. Na si letu peke yetu. Usiku wa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilizimika. Kama huna UPS yenye betri nzima, usianze. Laptopu iwe na chaji na iwe kwenye umeme, vyote viwili. Usifanye wakati wa mvua, wala msimu wa HELB na KUCCPS.

La tatu: nakala iko wapi? Namaanisha nakala iliyo nje ya mashine hiyo, na ambayo umeifungua kwingine ukaona inasoma. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, simamisha kwanza na uwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kwa sababu BIOS ikibadilika unaweza kuulizwa.

Ukijibu yote matatu vizuri, apdeti, tena kwa faili la kampuni iliyotengeneza mashine, si la kutumiwa na rafiki. Ukikwama kwenye moja, subiri. Mtu wa Tana anajua mtumbwi hukaguliwa ukingoni.

Yule mama wa Ngao alirudi siku ya tatu. Nikampa vyeti vyake na karatasi nne za skani. Hakujua chochote kilichotokea, akauliza tu mbona nimemchapishia bure. Jioni hiyo nilinunua diski ya nje, nikakopi kila kitu, nikampelekea binamu aiweke nyumbani kwake.