Acheni Kuwaadhibu Watoto kwa Mbio

Wazazi na walimu wengi wa Shinyanga wanaamini kwamba kukimbia ni kazi ya mwenye kipaji. Mtoto akiwa nacho kitaonekana chenyewe, atachaguliwa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Asiye nacho ashike daftari. Imani hii naipinga waziwazi, kwa sababu inawanyang'anya watoto wengi kitu kilicho chao.

Tazama mbio zinavyotumika katika shule nyingi za kata kama Ibadakuli. Saa moja na nusu asubuhi, rimu ya gari iliyofanywa kengele imeshagongwa. Waliochelewa wamesimamishwa karibu na mlingoti wa bendera, vumbi limewapaka hadi magotini. Mmoja ametoka mbali, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na kabla ya kutoka alishachota maji. Mwalimu wa zamu anatamka: mizunguko mitano! Wanavua kandambili, wanazishika mkononi, wanaanza, huku wenzao mstarini wakiwacheka. Wa mwisho anaongezewa mzunguko. Mara nyingi huyo ndiye aliyelala na njaa, au mwenye kifua kibovu, yaani yule hasa aliyehitaji kutiwa moyo.

Msimu wa UMITASHUMTA ukikaribia, mwalimu yuleyule anapita madarasani kutafuta wakimbiaji na hakuna mkono unaoinuka. Utainukaje? Mwaka mzima tumewafundisha kwamba anayekimbia ni mkosaji.

Utaambiwa mbio zina wenyewe: Wairaqw wa Mbulu, watu wa Singida, Wakalenjin wa Kenya. Lakini Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ni mtu wa Majita mkoani Mara, hukuhuku Kanda ya Ziwa. Naye Alphonce Simbu, ambaye kweli ni wa Singida, alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017, kisha akasubiri miaka minane hadi dhahabu ya Tokyo, Septemba 2025, alipomshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Nani atavumilia mazoezi ya miaka minane kwa kitu asichokipenda? Kabila halimwamshi mtu alfajiri.

Hata hivyo mabingwa tuwaweke kando, maana ninayemtetea ni mtoto ambaye hatashinda kamwe. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili vya kutosha. Halikusema mwenye kipaji tu. Kule Stirling, Uskoti, mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie alianza kuwatoa wanafunzi wake nje dakika 15 kila siku wakimbie na nguo zao za shule, kila mmoja kwa mwendo wake, bila mashindano. Utaratibu huo umeenea nchi nyingi. Sisi tulikuwa na mchakamchaka! Kiongozi anaanzisha wimbo, wote wanaitikia, na wimbo ndio unaopanga mwendo, kwa hiyo mwepesi na mzito wanafika pamoja. Tumeuacha ufifie, na kipindi cha michezo kilichoandikwa kwenye ratiba kinaliwa na Hisabati kila mtihani wa darasa la saba ukikaribia.

Wanaonijibu kwamba mtoto aliyetembea kilomita nyingi bila kunywa uji amechoka wana hoja, na hoja hiyo naikubali. Huyo atembee tu, na uji upatikane. Lakini uchovu wake haujawahi kumwokoa na ile mizunguko mitano.

Kinachoniumiza zaidi ni binti. Akifika darasa la sita anaanza kuambiwa kwamba kukimbia mbele za watu si adabu, anakaa pembeni akishika mashati ya wavulana wanaocheza mpira. Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Ni binti wa Kitanzania kama huyo anayekaa pembeni.

Walimu wakuu na kamati za shule za Ibadakuli, nawaomba mzifute mbio kwenye orodha ya adhabu muhula huu huu. Kisha rudisheni mchakamchaka wa dakika 15 kabla jua halijachoma, wavulana na wasichana pamoja, na walimu nao wakimbie.