Taasisi za Hisani za Familia: Hesabu ya Uwakili Isiishie Kwenye Risiti

Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, ambalo kwa miaka mingi liligharamia sehemu kubwa ya huduma za UKIMWI nchini Tanzania. Tangu hapo macho ya wengi yameelekea kwa wahisani wa ndani, zikiwemo taasisi za hisani zilizoanzishwa na familia. Ukarimu wa namna hii si mgeni kwetu. Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam unabeba jina la familia iliyoutoa kwa ajili ya umma. Mohammed Dewji alianzisha taasisi yake mwaka 2014, na mwaka 2016 aliahidi hadharani kutoa angalau nusu ya mali yake. Hata hapa Songea, familia inayotenga fedha za mahindi au kahawa kusomesha yatima kwa kumbukumbu ya wazazi wake marehemu inashiriki utume uleule, ingawa kwa kiwango kidogo.

Swali ni hili: nani huipima kazi hiyo? Taasisi ya familia haina wapiga kura wala wateja wa kuikimbia. Aghalabu mwenyekiti ni mwanzilishi mwenyewe, na wajumbe ni wanawe. Mjane aliyesaidiwa, akiulizwa mbele ya mfadhili, atashukuru tu, kwa maana anaogopa kukosa msaada wa mwakani. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mhisani naye, akisikia sifa pekee, huweza kuharibu kazi njema pasipo kujua.

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaliyosajiliwa kuwasilisha taarifa ya mwaka ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Ni takwa la haki. Hata hivyo, risiti huthibitisha kwamba ada ililipwa. Haisemi kama mtoto aliyeanza kidato cha kwanza alifika cha nne, au aliachwa njiani mfadhili alipofariki na warithi wakakosa kuelewana.

Katika Waraka wake wa mwaka 2009, *Caritas in veritate*, yaani Upendo katika ukweli, Papa Benedikto wa XVI alionya kwamba wakati mwingine maskini hugeuzwa kuwa sababu ya kuendeleza ofisi zenye gharama kubwa, akayataka mashirika ya misaada yawe na uwazi kamili kuhusu matumizi ya fedha. Upendo usiokubali kupimwa na ukweli hugeuka kuwa majivuno.

Nini basi kifanyike? Kwanza, familia iandike kwa ufupi badiliko inalolitafuta katika maisha ya watu, kisha ijipime kwa hilo. Pili, iwafuatilie waliosaidiwa hata baada ya msaada kukoma. Tatu, iwaulize kupitia mtu asiye wa familia. Nchini Marekani, Center for Effective Philanthropy, iliyoanzishwa mwaka 2001, hufanya kazi hiyo: huwauliza wapokeaji kwa siri na kuzipelekea taasisi majibu yasiyo na majina. Familia ya Songea haihitaji gharama hiyo. Mwalimu mstaafu au muuguzi mwaminifu, anayejua kutunza siri, anatosha. Nne, majibu yasomwe katika kikao cha familia, na angalau jambo moja lisilofaa liachwe. Tano, wanafunzi walio katikati ya masomo watengewe fedha mapema, ili kifo cha mfadhili kisiwe mwisho wa shule yao.

Nasi waamini tusinyoshe kidole kwa wengine tu. Kanuni ya 1287 ya Sheria za Kanisa inawadai wasimamizi wa mali za Kanisa kutoa hesabu kwa Askofu kila mwaka, na kuwaeleza waamini matumizi ya sadaka walizotoa. Parokia inayofanya hivyo ina kinywa cha kuishauri familia.

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, wakili huitwa atoe hesabu, na saa hiyo humkuta hajajiandaa. Heri familia inayojihesabu mapema, ingali na nafasi ya kumrudisha darasani mtoto iliyemwacha njiani.