Nodi nyingi chini ya paa moja si kinga kwa kumbukumbu

SERIKALI ya Uturuki ilipofunga Wikipedia mnamo Aprili 2017, wahandisi walichukua nakala ya toleo la Kituruki na kuiweka kwenye mtandao wa IPFS, ambako kompyuta za watu wengi hubadilishana faili moja kwa moja bila seva kuu. Marufuku hiyo ilidumu hadi Januari 2020, lakini nakala hiyo haikuwa na seva moja ya kuzimwa kwa amri.

Katika mfumo huo, uliobuniwa na Juan Benet na kuzinduliwa mwaka wa 2015, faili hutafutwa kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Herufi moja ikibadilishwa, alama nayo hubadilika, na udanganyifu hugunduliwa.

Hata hivyo, ni dhana potovu kwamba faili ikishaingia humo hudumu milele. Kila kompyuta, yaani nodi, inaposafisha hifadhi yake hufuta faili ambazo mwenyewe hakuagiza zibakizwe. Faili isiyo na mlezi hupotea.

Ili kurahisisha ulezi huo, baadhi ya mashirika huendesha nodi zao kupitia Kubernetes, programu iliyotangazwa na Google mwaka wa 2014. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya mshika usukani. Kazi yake ni kuratibu makontena, yaani vifurushi vyenye programu na vyote inavyohitaji. Kontena likianguka, Kubernetes huanzisha jingine, pengine kwenye kompyuta tofauti.

Hapo ndipo penye utata. Mteja wa duka la mtandaoni hajali ni kontena lipi linalomhudumia. Nodi ya kuhifadhi faili ina shehena, na ina ufunguo wa siri unaoitambulisha kwa wenzake. Vitu hivyo vikiwekwa ndani ya kontena lenyewe, nodi inayofufuliwa hurejea kama mgeni mikono mitupu. Kubernetes ina utaratibu uitwao StatefulSet, unaoipa kila nodi jina la kudumu na diski yake, lakini sharti mhandisi auchague.

Hatari kubwa zaidi ni ya mahali. Nodi tano zilizo katika kituo kimoja cha data, kwa akaunti moja, huonekana kuwa hifadhi tano, kumbe ni moja. Mnamo Oktoba 20, 2025, hitilafu katika eneo moja la Amazon Web Services, jimboni Virginia, Marekani, ilitatiza huduma nyingi duniani.

Kwa Kenya, funzo hili ni zito. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, intaneti ilidorora Afrika Mashariki. Nakala zilizo ng'ambo pekee hazitoshi, wala zilizo Nairobi pekee.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mwananchi haki ya kuomba data zake zifutwe, jambo gumu iwapo nakala zimesambaa kwa wasiojulikana. Magazeti ya zamani, ramani na nyaraka za umma zinaufaa mtandao huo. Rekodi za wagonjwa haziufai.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kujivunia idadi ya nodi, kila taasisi yapaswa kuandika nakala zake ziko wapi, nani anazilea, na nani atalipia diski hizo mwaka ujao.