Tovuti ya Madrasa: Umbo Tuiachie Mashine, Maneno Tuyahakiki Wenyewe

  

Ndugu wasomaji, Tim Berners-Lee alipoweka tovuti ya kwanza duniani mwaka 1991, kutengeneza ukurasa kulihitaji mtu ajue lugha ya kompyuta. Ilipotoka programu ya WordPress mwaka 2003, kazi ikawa nyepesi. Leo zipo programu zenye akili bandia: unaziambia kwa sentensi moja kuwa unataka tovuti ya madrasa, na baada ya muda mfupi unapewa rangi, picha na maelezo kamili.

Hii ni neema, tusiikatae. Madrasa nyingi hazina fedha za kumlipa fundi. Lakini fundi alikuwa akisema, "Nileteeni maneno." Mashine haingoji maneno yetu, inayaandika yenyewe. Hapo ndipo penye hatari.

Mashine hizi hupanga neno baada ya neno kwa kufuata mifano ya maandishi mengi zilizofunzwa. Hazina isnadi. Zinaweza kuleta hadithi isiyokuwemo kitabuni na kuipa namba ya Bukhari, kwa lugha fasaha kabisa. Zinazochora picha nazo huweza kuvuruga herufi za Kiarabu, aya ikawa si aya tena. Msomaji akiona jina la madrasa juu yake, ataamini.

Maulamaa wetu walibeba dhamana ya walichochapisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, wasomaji walijua nani wa kumuuliza. Mashine haina hesabu Siku ya Kiyama. Mwenye hesabu ni yule aliyeruhusu ukurasa utoke.

Wako watakaosema inatosha ustadhi apitishe macho. Haitoshi, kwani kosa lililopambwa vizuri halionekani upesi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari, na kuhakiki ni kurudi kwenye asili yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila aya inakiliwe kutoka kwenye msahafu, na kila hadithi ifunguliwe kitabuni na ustadhi kabla ya kutolewa. Pili, tunapoomba sadaka tusitumie picha za mayatima waliobuniwa na mashine. Kumwonyesha mtoaji mtoto asiyekuwepo ni udanganyifu, hata kama shida ni ya kweli. Tatu, wanafunzi wafundishwe programu hizi pamoja na kuandika insha kwa mkono wao, kwani asiyejua kuandika hawezi kusahihisha.

Wazazi nanyi, mkiona kosa katika ukurasa wa madrasa, msinyamaze. Mwambieni ustadhi siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.