Tusiifute 1939 kwa Kitufe

Kuna wachezaji wenzangu wanaoamini kwamba ubaguzi wa rangi ni kama muziki wa mchezo wa kompyuta: ukikukera, unaingia kwenye mipangilio na kuuzima. Wengi wao ni watu wema, hawana chuki na mtu. Ndiyo maana hoja yao inaenea kwa urahisi, na ndiyo maana nataka kuipinga.

Mchezo ninaouzungumzia ni wa kuongoza timu ya besiboli. Aliyewahi kukesha na Football Manager anajua mambo yanavyokwenda: hugusi mpira, bali unapanga kikosi, unasajili, unauza, kisha unatazama namba zikikupa raha au zikikunyima usingizi. Besiboli ilianza haya kabla kompyuta hazijaingia majumbani. Mwaka 1951 APBA ilianza kuuza kadi na dadu. Mwaka 1961 Hal Richman akaleta Strat-O-Matic. Kila kadi ilikuwa mchezaji wa kweli, na takwimu za msimu wake ziligeuzwa kuwa bahati ya dadu. Siku hizi kompyuta ndiyo inayorusha dadu. Unachagua mwaka unaoutaka, unabuni timu ambayo haikuwahi kuwepo, unaiingiza kwenye ligi iliyokuwepo, na ukiamua, msimu wa mechi 154 unakwisha kabla chai haijapoa.

Mimi nilichagua 1939. Mwaka huo St. Louis Browns walishinda mechi 43 na kupoteza 111, na miaka 15 baadaye timu hiyo ikahamia Baltimore. Nikawahi kabla yao: niliwafuta Browns, nikaiweka Baltimore timu ya kubuni yenye wachezaji wa kubuni, nikakalia kiti cha meneja. Mdakaji wangu, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuuongoza mchezo kwa ishara za vidole, alikuwa na wastani wa upigaji wa .214: katika kila nafasi kumi alifaulu mara mbili na ushee. Nilihitaji mdakaji mwingine. Na katika mji huohuo, mwaka huohuo, alikuwepo Roy Campanella.

Campanella alikuwa na miaka 17, mdakaji wa Baltimore Elite Giants, timu ya ligi ya watu weusi iliyochezea uwanja wa Bugle Field. Ligi kuu ilikuja kumpokea 1948, akiwa na Brooklyn Dodgers, na ndani ya misimu kumi alichaguliwa mara tatu kuwa mchezaji bora wa National League: 1951, 1953 na 1955. Meneja yeyote mwenye macho angemsajili. Mwaka 1939 hakuna timu ya ligi kuu iliyomsajili, yeye wala mweusi mwingine yeyote.

Programu ninayotumia inanipa njia ya mkato. Kuna kisanduku, ukikitia alama, wachezaji weusi wanaingia ligi kuu katika mwaka wowote upendao. Hakuna mmiliki anayekasirika, hakuna hoteli inayomnyima Campanella chumba, hakuna mchezaji mwenzake anayeomba kuuzwa. Unatia alama, kijana anavaa jezi yako, na magazeti ya kompyuta yanaanza kuandika habari za mipigo yake. Wenzangu wanaita hili kurekebisha historia. Mimi naliita kufuta ushahidi.

Mfikirie Lou Gehrig. Mei 1939, baada ya kucheza mechi 2,130 mfululizo, alijiondoa kikosini kwa sababu mwili ulikuwa unamkataa. Ugonjwa wa neva ulimuua mwaka 1941. Katika msimu wangu wa kompyuta Gehrig hakuugua. Alicheza hadi Septemba, na kila alipopiga mpira nilifurahi, ingawa ni timu yangu aliyokuwa anaiadhibu. Wenzangu wanasema mambo haya mawili ni yaleyale: kama unamwondolea Gehrig ugonjwa, kwa nini usimwondolee Campanella ubaguzi?

Kwa sababu si yaleyale. Ugonjwa wa Gehrig haukuamuliwa na mtu. Kumwondolea ni huruma, na hakuna mkosaji anayenufaika na huruma hiyo. Kizuizi cha rangi kiliamuliwa, tena kila msimu upya, na watu wenye majina, mishahara na ofisi. Ukikizima kwa kitufe humsaidii Campanella, aliyekwisha kuishi maisha yake na kuyamaliza. Unawasaidia waliomkataa. Katika dunia yako wamekuwa watu ambao hawakuwahi kumkataa yeyote.

Hapa ndipo kiti cha meneja kinapokuwa na uzito ambao mchezo unauficha. Kizuizi kile hakikuandikwa popote katika kanuni za ligi. Julai 1942 kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, alitangaza kwamba hakuna kanuni, iwe rasmi au isiyo rasmi, inayoizuia timu kusajili mchezaji mweusi. Kuhusu kanuni za maandishi alisema kweli. Ukuta ulijengwa kwa kusukumiana: meneja anamtaja mmiliki, mmiliki anawataja mashabiki na wamiliki wenzake, na kila mmoja anakwenda kulala akijiona msafi. Mwaka 1939 huohuo, mwandishi Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier aliwahoji wachezaji na mameneja wa National League kuhusu kucheza na weusi. Wengi walisema hawana pingamizi. Hata hivyo mlango haukufunguka hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn. Boston Red Sox, timu ya mwisho kuufungua, ilisubiri hadi 1959. Timu 16, miaka 12. Kitufe gani hicho kinachochukua miaka 12 kubonyezwa?

Katika darasa langu la uzamili wa historia kuna swali tunalofundishwa kulitanguliza kabla ya mengine yote: nani aliamua? Mchezo wa kuongoza timu ni chombo adimu kwa sababu unakuweka kwenye kiti cha mwamuzi. Riwaya inaweza kukuonyesha aliyekataliwa. Mchezo huu unakukabidhi kalamu ya kukataa. Unajua mdakaji wako hafai, unajua wa kufaa yuko mji huohuo, na kila wiki unaandika kikosi bila jina lake. Sijui darasa jingine linalofundisha kwa namna hiyo jinsi watu wasio na chuki walivyoutunza ukuta. Kisha tunalifunga darasa hilo kwa alama moja, eti tusijisikie vibaya.

Kitufe kina madhara mengine yasiyosemwa. Kinachukulia kwamba ligi kuu ya wazungu ndiyo besiboli, na kwamba mchezaji mweusi nje yake alikuwa anaelea tu hewani akisubiri kuokotwa. Effa Manley angewacheka. Yeye na mumewe Abe waliiendesha Newark Eagles, waliotwaa ubingwa wa ligi za weusi mwaka 1946. Dodgers walimchukua mrushaji wao, Don Newcombe, bila kulipa chochote. Kansas City Monarchs nao hawakulipwa kitu kwa Jackie Robinson. Manley alipiga kelele hadharani, na mwaka 1947 Cleveland walipomtaka Larry Doby, walilipa dola 15,000. Manley alilalamika kwamba kwa mzungu wa kiwango hicho wangetoa fedha nyingi zaidi. Mashabiki wakahamia kwa Robinson na Doby, na mwaka 1948 ukawa wa mwisho kwa timu hiyo mjini Newark. Mwaka 2006 Manley aliingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli lililoko Cooperstown, mwanamke pekee hadi leo.

Sasa tia alama kwenye kisanduku chako mwaka 1939 uone. Leon Day na Monte Irvin wanagawiwa timu kubwa kama karanga, na Newark Eagles wanatoweka kana kwamba hawakuwahi kukodi basi wala kulipa mshahara. Elite Giants wangu wa jirani nao wanakwenda na maji, katika mwaka ambao kwenye historia waliwafunga Homestead Grays na kuondoka na kombe. Tunadhani tumewatendea haki watu weusi kwa kuwanyang'anya, bila hata risiti, kile walichokijenga kwa mikono yao. Branch Rickey wa Dodgers alikosolewa kwa kufanya hivyo. Sisi tunajipongeza.

Wapo watakaonijibu kwa namba. Namba, wanasema, hazina rangi: mpe kila mchezaji alama kulingana na takwimu zake, mengine ni siasa. Basi tuzitazame. Desemba 2020 ligi kuu ilizitambua ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa sawa na zake, na Mei 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa kwenye rekodi. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, akawa kinara wa wakati wote wa wastani wa upigaji kwa .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367. Lakini kwenye rekodi hiyohiyo mipigo yake ya kuvuka uzio haifiki 200, wakati kibao chake pale Cooperstown kinataja karibu 800, kwa kuhesabu pia mechi za nje ya ligi. Pengo hilo limetoka wapi? Limetokana na ratiba fupi za ligi, na mechi nyingi za kuzunguka miji zisizoingia kwenye hesabu, na mechi ambazo karatasi zake hazijapatikana. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Gibson alikuwepo, karatasi ndiyo haikuwepo. Programu inayogeuza pengo la karatasi kuwa alama ya uwezo haijakwepa siasa, imeirithi tu bila kuisoma.

Hoja nzito zaidi ya wenzangu ni ya furaha, na siwezi kuidharau. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya mechi ya kwanza ya Robinson. Nani asiyetaka kumwona akimkabili Bob Feller katika mechi ya ubingwa, hata kwenye kioo cha kompyuta tu? Na mchezaji mweusi anayerudi nyumbani amechoka na dunia hii, kwa nini alazimishwe kucheza matusi ya bibi na babu zake?

Halazimishwi. Anayetaka kupumzika acheze msimu wa leo. Anayemtaka Gibson na amfuate Gibson alikokuwa: aongoze Homestead Grays, au Newark Eagles, ahangaike na ratiba, safari za usiku na mishahara ya Manley. Kadi na takwimu za wachezaji hao zinapatikana. Huko kuna furaha tele, tena furaha isiyohitaji kibali cha ligi iliyowafungia mlango.

Lakini anayetaka kuvunja ukuta ndani ya ligi kuu ya 1939 na auvunje kwa gharama. Kwanza aishi nao msimu mmoja, aone orodha ya wanaokataliwa na ahesabu mechi zinazopotea. Timu yangu ya Baltimore ilimaliza na ushindi 61 na vipigo 93, mdakaji akiwa yuleyule, nami niliandika jina lake kikosini kila siku nikijua ninachokifanya. Pili, akiufungua mlango, amlipe mwenye timu ambaye mchezaji anatoka kwake, bei ileile ambayo angelipa kwa mzungu, na Elite Giants wabaki hai kwenye ratiba. Tatu, watengenezaji wa programu waondoe kisanduku na kuweka uamuzi mahali pake: mmiliki wa kumshawishi, wenzake wa kumtisha, wachezaji wa kugoma na wa kukubali, na meneja ambaye siku moja lazima aseme ndiyo au hapana. Programu inayoweza kukadiria maumivu ya bega la mrushaji haishindwi kukadiria woga wa tajiri.

Najua kuna atakayeuliza besiboli ya Marekani inatuhusu nini sisi huku. David, mtoto wa Jackie Robinson, alihamia Tanzania miaka mingi iliyopita na kulima kahawa Mbozi. Habari hii imeshafika kwetu kwa miguu yake yenyewe. Na hata isingefika, kizazi chetu ndicho kinachojifunza mambo ya kale kwa kucheza kuliko kwa kusoma. Mtoto wa miaka kumi na mbili atakayefungua mchezo huo kesho atamkuta Campanella akidaka kwa raha mustarehe ligi kuu mwaka 1939, na hatakuwa na sababu ya kuuliza chochote. Hatujamfundisha kwamba ukuta ulianguka. Tumemfundisha kwamba haukuwahi kujengwa, na ukuta ambao haukujengwa hauna mjenzi wa kuulizwa.